Mahali pa Kutundika Kidude

Kidude kilifika Tukuyu ndani ya begi la nguo za mtoto, kimeviringishwa kwenye kanga ili kisivunjike. Binti yangu alikitoa siku ile ile aliposhuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, tumbo limeshashuka, miguu imevimba, kabla hata hajaonja chai niliyomwandalia. Kilikuwa cheupe, upana wa kisahani cha kikombe, kina vitundu usoni na kijitaa cha kijani kinachowaka na kuzima.

"Mama, hiki kinatambua sumu ya mkaa," akaniambia. "Ile hewa isiyo na harufu wala rangi. Ikizidi chumbani kinapiga kelele mpaka majirani waje. Dukani kwetu tunaviuza. Nikawaza, nyie watu wa baridi mnaolala na majiko ndani, siku moja mtakuja kufa."

Alisema huku anacheka. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, na siku hizi amejaa maneno ya dukani. Mimi nilikipokea kwa mikono miwili, na moyo ukanilipuka. Yeye alidhani ni furaha ya zawadi.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namzungusha mtu. Huyu binti sikumzaa mimi. Alizaliwa na mdogo wangu, katika nyumba hii hii ya matofali ya kuchoma hapa Makandana, na alikuwa na siku tisa tu mama yake alipofariki. Mimi ndiye niliyemnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, nikampeleka shule, nikamsuka, nikamchapa alipostahili na mara nyingine alipokuwa hastahili. Tangu aanze kusema ananiita mama. Baba yake alikwenda machimboni Chunya kutafuta maisha, akaoa huko huko, akawa mtu wa kutuma salamu.

Kuhusu kifo cha mama yake, binti yangu alikua na habari moja, ile inayojulikana na ukoo wetu wote: kwamba mdogo wangu aliwekewa sumu kwenye maziwa ya mgando na mama mkwe wake, yaani bibi mzaa baba wa huyu mtoto, mwanamke wa Kisondela. Kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu wa kwetu aliyekula kutoka mkononi mwa yule bibi, na hata majirani zake walianza kumkwepa. Mimi nilijua kwamba maziwa yale hayakuwa na kitu. Aliyemuua mdogo wangu ni mimi, kwa jiko la mkaa na kitenge.

Asiyeijua baridi ya Tukuyu ataniona mjinga. Mvua ya huku haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo watu waanike nguo, inarudi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka mlimani unakaa barazani kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa katika hali hiyo mwanamke amejifungua. Mzazi wa huku anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anashindiliwa uji wa ulezi na supu, na chumba chake lazima kiwe na joto. Jiko linawashwa nje, mkaa ukishaiva na moshi umekwisha, linaingizwa ndani. Sisi tuliamini kibaya ni moshi. Mkaa mwekundu usiotoa moshi tuliuona salama kabisa. Dirisha linafungwa, pazia linashushwa, na upenyo wa chini ya mlango unazibwa kwa kitenge kilichokunjwa. Anayeziba vizuri ndiye anayesifiwa kuwa anajua kutunza mzazi, na mimi niliziba vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yetu alikuwa amekwenda msibani Kisiba, akaniachia mzazi na maelekezo marefu. Asubuhi yule mama mkwe alikuja kwa miguu kutoka Kisondela na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alimmiminia mdogo wangu kikombe, akamsimamia mpaka kikaisha, wakacheka wote wawili kwa sababu alipata masharubu ya maziwa. Kisha bibi akaenda zake sokoni. Mchana mvua ikaongezeka. Mdogo wangu akasema miguu imekufa ganzi. Nikawasha mkaa, nikasubiri uive, nikaingiza jiko, nikalisogeza upande wa kichwani kwake kwa sababu nilimpenda. Mtoto alikuwa analialia, nikamfunga mgongoni ili mama yake apate usingizi. Nikatoka, nikaziba.

Jiko letu la kupikia lilikuwa kwenye kibanda cha nje. Nilikaa pale nachambua maharage, nikamsikia mdogo wangu akikoroma. Hakuwa mtu wa kukoroma. Nikacheka peke yangu, nikamwambia mtoto mgongoni, "Msikie mama yako, analala mpaka anasaga mahindi." Huo mkoromo ninao masikioni mpaka leo. Nikiwa sokoni unanijia, kanisani unanijia, na mvua inapopiga bati mchana ninausikia kabisa, unatoka chumba kile, na inabidi niache kazi niende kuangalia. Ulipokoma siku ile nilidhani amegeuka upande. Nilimaliza maharage yote kwanza.

Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Nilimwita, nikamtikisa. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtu mwenye afya njema. Nikadhani amezidiwa na joto. Nikanyanyua jiko, nikakimbia nalo nyuma ya nyumba, nikamwaga mkaa na jivu kwenye shina la mgomba, mtoto akiwa mgongoni. Ndipo nikapiga yowe. Kwa nini nilitoa jiko kwanza ndipo nikapiga yowe, nimejiuliza miaka yote hii, na kila jibu ninalolipata silipendi.

Majirani walikuja, wakambeba hadi hospitali. Muuguzi mmoja mtu mzima akamfunua macho, akatazama kucha, akatazama ile midomo. Akanigeukia. "Kulikuwa na jiko ndani?"

Wakati ule sikujua kwamba mkaa unaua. Nilijua pale pale, kwa namna alivyouliza. Nikamjibu, "Hapana. Jiko lilikuwa nje."

Akaandika. Pale nje wanawake wakaanza kuulizana marehemu alikula nini mara ya mwisho. Mtu akasema maziwa. Maziwa ya nani? Ya mama mkwe wake, kaleta leo asubuhi, na kamsimamia mpaka yakaisha. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, ningeweza kufungua mdomo. Sikuufungua.

Yule mama mkwe hawakumpiga. Siku ya msiba alipoingia na kanga yake kichwani kumlilia mkwewe, wanawake wa upande wetu walisimama wote kwenye mkeka, wakahamia mkeka mwingine, wakamwachia nafasi yote. Alikaa hapo katikati peke yake akalia kwa utaratibu, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimempakata mjukuu wake. Alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa.

Miaka michache baadaye nilisikia redioni mtaalamu akieleza sumu ya mkaa: mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, anakoroma, basi. Nilizima redio. Tangu hapo kila msimu wa baridi inasikika familia fulani mahali fulani wamekutwa wamekufa, jiko likiwa ndani, na kila mara najihisi nimetajwa jina.

Lakini linalonitesa zaidi ni ndizi. Mtoto alipoanza shule, yule bibi alikuwa anakuja kumsubiri njiani na ndizi mbivu. Nikamfundisha mtoto: pokea kwa adabu, sema "ndaga", ushukuru kwa Kinyakyusa chake afurahi, ukifika darajani tupa. Nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, kwa kuwa majirani wangeshangaa kama ningemruhusu kula. Siku moja bibi alimfuata nyuma, akamwona akitupa. Hakuja tena.

Sasa nirudi kwenye kidude. Binti yangu alifungua karatasi la maelekezo, akatusomea kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kiwekwe chumba wanacholala watu. Kiwe usawa wa kichwa cha aliyelala kitandani, kwenye hewa ile ile anayoivuta. Kisikae karibu na dirisha wala mlango, maana upepo unakidanganya. Kisifichwe nyuma ya pazia wala kabati, kisibanwe kwenye kona, na kisining'inie juu ya jiko lenyewe. "Na kuwa nacho siyo ruhusa ya kuingiza jiko," akaongeza akinitazama. "Jiko linabaki nje. Hiki ni cha siku ile mtu akisahau."

Jirani yangu alikuwepo. Ni mwanamke wa rika langu, tumezeeka pamoja, na hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye hana la kusema. Akasema kiwekwe jikoni, kwani mkaa unakaa wapi? Binti akamwambia kibanda cha nje kina matundu kila upande na moshi kutwa, kitapiga kelele mpaka tutoe betri. Jirani akafikiri kidogo. "Basi sebuleni," akasema. "Kitu kizuri namna hii mkifiche chumbani, nani atakiona?"

Niliidaka ile rai haraka, hata yeye mwenyewe akashangaa. Mimi hufuma vitambaa vya makochi, na sebule nyingi za Makandana zimevaa kazi yangu. Nikafuma kitambaa cha duara chenye ua katikati, nikakitandaza juu ya kabati la vyombo, karibu na saa na picha ya harusi ya wazazi wangu, nikakalisha kidude juu yake. Wageni walikisifu. Binti aliponiuliza, nikasema ni kwa muda tu, chumbani kunahitaji msumari.

Misumari ilikuwa imejaa kwenye droo. Tatizo ni kwamba chumba cha mzazi kilikuwa kile kile, na kitanda kimekaa pale pale kwa kuwa chumba ni kidogo hakiwezi kukaa pengine. Mahali ambapo karatasi lilitaka kidude kikae ndipo palipokuwa na kichwa cha mdogo wangu. Mara mbili niliingia na nyundo. Mara mbili nilikaa kitandani, nikanyoosha mkono ukutani kupima, nikaurudisha. Kijitaa kile kilikuwa kinanipepesea kutoka kiganjani. Nikajiambia, hiki kitu nikikitundika humu kitalia. Kitalia hata kama hakuna jiko. Kitasema.

Nikakirudisha kwenye kitambaa chake.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Tukarudi nyumbani. Akiwa hajakaa hata siku mbili akaanza.

"Mama, kidude?"

"Kesho."

"Kesho gani hiyo, Mama, isiyofika?"

"Nitakitundika, mwanangu. Lala."

Siku ya kumi na moja ulezi uliisha, nikaenda mashine kusaga. Nilimwachia jirani mzazi na mtoto. Nilimwambia jiko lisiingie ndani, akasema sawa. Ila nilimwambia kwa unyonge, kama mtu anayekumbusha kuanua nguo, kwa sababu nisingeweza kumweleza kwa nini. Mashine umeme ukakatika. Nikasubiri, mvua ikashuka, nikajikinga, ikashuka zaidi.

Niliporudi jirani alikuwa barazani, amejifunika shali, anachambua mboga, na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri. "Wamelala wote wawili," akasema. "Mzazi alikuwa anatetemeka, nikamwingizia joto kidogo. Hebu sikia anavyokoroma."

Nikasikia.

Nikaingia sebuleni, nikatazama chini ya mlango wa chumba. Kitenge kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimeshindiliwa kuanzia mwisho mpaka mwisho. Hata mimi nisingeziba vizuri zaidi. Juu ya kabati kijitaa kilikuwa cha kijani, kimetulia, kinawaka na kuzima, hakijui lolote.

Sijui unga niliuangusha wapi. Nilisukuma mlango kwa bega, nikamshika binti yangu makwapani, nikamburuta. Alikuwa mzito, kichwa kinaning'inia, midomo ile ile. Jirani alimnyakua mtoto. Tulipofika katikati ya sebule ndipo kidude kikaanza kulia, maana sasa hewa ya chumbani ilikuwa imekifikia. Kililia kwa sauti kali ya kupasua masikio, juu ya kitambaa changu chenye ua, na hakikunyamaza hata tulipokuwa nje mvuani tumelala kwenye matope.

Mtoto alilia kwanza. Mama yake nilimpiga makofi, nikamwita kwa jina la utotoni, nikamwita kwa jina la mama yake bila kujijua. Akafumbua macho, akatapika mapajani kwangu, na mimi nikayashukuru yale matapishi.

Jirani alikuwa amesimama na mtoto. "Nilifunga ili apate joto," alikuwa anasema. "Nilifunga tu ili apate joto." Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Mkono uliinuka kabisa kumpiga. Halafu nikayasikia maneno yake. Yalikuwa yangu, niliyotakiwa kumwambia yule muuguzi zamani zile. Nikashusha mkono, nikamwambia akatafute bajaji.

Hospitali waliwekewa hewa ya oksijeni, mama na mtoto. Muuguzi alikuwa dada mdogo, nadhani wakati ule mwingine hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Akashika kalamu. "Kulikuwa na jiko ndani?"

Jirani akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba nimfiche, na nilimwelewa kuliko mtu yeyote duniani.

"Ndiyo," nikasema. "Jiko la mkaa. Dirisha limefungwa na mlango umezibwa."

Akaandika. Akasema mmewahi, watapona. Hapo ningenyamaza, nilikuwa nimeshajibu nilichoulizwa. Lakini mdomo uliendelea wenyewe. "Na mara ile pia lilikuwa ndani."

"Mara ipi, mama?" akauliza.

Nikakaa kwenye benchi, nikalia kwa sauti mbele za watu, mtu mzima kama mimi.

Binti nilimwambia kesho yake mchana, pale pale wodini, mtoto akiwa ananyonya. Nilimwambia jiko, kitenge, maharage, jivu, na jibu nililompa muuguzi. Sikupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu."

Akamhamisha mtoto titi la pili. "Na zile ndizi za bibi?"

"Zilikuwa ndizi tu, mwanangu."

Akageukia ukutani. Tulipotoka hospitali aliendelea hivyo hivyo nyumbani. Hakuwa na kiburi, shikamoo alinipa kila asubuhi, chakula alikula. Ila neno mama lilitoka kinywani mwake, na kila aliposema "naomba maji" bila kuongeza kitu, nilihisi nimeguswa na kisu. Kidude alikitundika mwenyewe. Alilala kitandani, akanyoosha mkono, akaweka alama ya penseli ukutani usawa wa mto, akainuka akagongelea msumari. Nilitaka kumshikia nyundo, akasema hapana. Kwa siku zote zilizobaki nilikuwa nikipita mlangoni naona kile kijitaa kinapepesa pale pale palipokuwa na kichwa cha mdogo wangu. Hakikulia. Nilikaribia kutamani kilie.

Siku arobaini zilipotimia alikibandua ukutani, akakiweka kwenye begi pamoja na msumari wake. "Twende Kisondela," akasema.

Tulipanda bodaboda mbili, kisha tukatembea kidogo kati ya migomba na miparachichi, njia inateleza. Yule bibi alikuwa barazani kwake anamenya ndizi za kupika. Amekuwa mdogo sana, amebaki mikono na macho. Nilichuchumaa chini kumsalimia, macho nimeyainamisha kama tunavyosalimia wakubwa wetu, na sikuinuka. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yakayeyuka.

"Mama," nikasema, "siku ile jiko lilikuwa ndani. Nililiingiza mimi, mlango niliziba mimi. Maziwa yako hayakuwa na kitu."

Aliendelea na ndizi yake mpaka akaimaliza kumenya, akaiweka kwenye beseni.

"Nilikuona," akasema.

Anasema Kiswahili polepole, kwa lafudhi nzito ya Kinyakyusa, na kila neno lilikuja peke yake. "Nilirudi kuchukua kibuyu changu. Nimesimama kwenye migomba, nikakuona unamwaga moto. Mvua inanyesha. Mtoto mgongoni. Baadaye nikasikia unapiga yowe. Nikajua."

Binti yangu ndiye aliyeuliza. "Kwa nini hukusema, bibi?"

"Nikisema, wanamchukua huyu, wanampeleka polisi. Wewe uko mgongoni kwake. Mama yako amekufa. Baba yako mwanangu namjua, si mtu wa kukaa. Mimi ziwa limekauka. Nani atakulea?" Akaokota ndizi nyingine, akaichana kwa kisu. "Nikasema acha waniite wanavyoniita, mtoto akue kwanza. Nilidhani huyu atasema mwenyewe. Baada ya mwaka. Au miwili."

Kama angenipiga kwa ule mpini wa kisu ningeona nafuu. Binti alikaa kwenye mkeka, akampakatisha bibi kitukuu chake, akaomba maji ya kunywa. Bibi akaingia ndani, akarudi na kikombe. Huku kwetu anayekaribisha huonja kwanza, kutoa sumu, mgeni awe na amani. Yule bibi aliinua kikombe kuelekea mdomoni kwake, na mkono wake ulikuwa na haraka ya mtu aliyezoea kushukiwa. Binti akakishika kabla hakijafika. Akakichukua, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Bibi akabaki na mkono hewani. Akalia, na sisi tukalia.

Chumbani kwake jiko lilikuwa kando ya kitanda, lina jivu la jana. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Binti akatoa gunia, akatoa jiko nje, kisha akamwomba bibi alale kitandani ili apime. Bibi akajilaza na viatu vyake, akicheka kidogo kwa aibu, binti akaweka alama usawa wa mto, akagongelea. Akamweleza yote: jiko lisiingie tena humu, na kikilia, usitafute chochote, toka nje.

Bibi alikitazama kile kijitaa.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini mimi masikio yamechoka. Kikilia, atasikia nani?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza kisima kiko wapi. Sisi wawili tukasimama, na nje hapakuwa na sauti ya mtu. Uwanja ule haukanyagwi. Hakuna mtoto anayetumwa kuomba moto pale, hakuna mwanamke anayepita kupiga umbea. Niliwaondoa wote mimi, siku niliyosema jiko lilikuwa nje.

Nimeshasema mbele ya akina mama kanisani, nikasema na kule Kisondela. Wengine waliamini. Wengine wanasema bibi amenipa dawa ndiyo maana ninamtetea, na hao sina la kuwafanya, kwani habari niliwapa mimi na wamekaa nayo miaka mingi kuliko huu ukweli. Jirani yangu haniongelei vizuri wala vibaya, anakuja kunisaidia kuvuna tu. Binti amerudi Dar. Juzi alipiga simu, katikati ya maneno akasema "Mama", sijui alikusudia au ulimi uliteleza. Sikumuuliza.

Mimi msimu huu wa baridi nimehamia kwa bibi. Nafumia vitambaa vyangu huku, kitanda changu kiko chumba cha pili, na mlango kati yetu hatuufungi. Jiko linakaa nje. Joto tunalipata kwa mablanketi na chupa za maji ya moto. Kidude kiko ukutani usawa wa mto wake, hakijalia hata mara moja. Mchana mvua ikipiga bati bibi hupitiwa na usingizi, na yeye ni mtu wa kukoroma. Mimi huweka uzi chini, nikasimama mlangoni, nikamsikiliza mpaka aamke.